Groti ya Bwana Willetts

Sura ya Saba

Konstebo Hingley alikuwa ameandika kwenye daftari la kituo, kwa mwandiko mnene kama vidole vyake: "Saa nne na robo asubuhi. Wizi wa groti, nyumba namba kumi na tisa, mtaa wa Cinder. Kilo hazijulikani."

Sajini Noreen Tranter aliusoma mstari ule mara mbili, kisha akavua glavu.

"Hingley, ulimuuliza huyo bwana ni kilo ngapi?"

"Nilimuuliza, Sajini. Akanitukana. Aliniita mkulima."

"Na wewe kweli ulidhani mtu amepiga simu polisi kwa ajili ya chakula?"

"Sajini, leo tarehe tano Novemba," Hingley alijitetea. "Netherton nzima inapika groti. Mke wangu ameiweka sufuria ovenini tangu usiku, sikupata hata usingizi kwa harufu. Mtu akiniambia leo groti yake imeibwa, nifikirie nini?"

Hakukosea sana. Siku hii Waingereza huwasha mioto na kurusha fataki, na hakuna nyumba ya Netherton inayokosa sufuria ya groti: punje za nafaka ya oti zilizotolewa maganda, nyama ya ng'ombe na vitunguu majani, vyote vikitokota kwa moto mdogo kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia. Lakini aliyepiga simu alikuwa mgeni kutoka Kent, na groti aliyoitaja ilikuwa nyingine. Ilikuwa sarafu ya fedha ya peni nne, iliyopigwa zamani za Mfalme Edward wa Kwanza, karibu miaka mia saba iliyopita. Zilizobaki za aina ile ni za kuhesabika, na nyingi zimeharibiwa kwa kugeuzwa bruchi za kupachika kifuani. Ile ya Bwana Horace Willetts, mwenye nyumba namba kumi na tisa, haikuwahi kuguswa hivyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa naye meza moja alijua habari zake, akitaka asitake.

Sasa Bwana Willetts yuko hospitali akipasuliwa goti, na sarafu yake haipo.

"Chukua kofia," Noreen alisema. "Na hiyo 'kilo hazijulikani' uifute."

* * *

Mlangoni walipokewa na aliyepiga simu, Bwana Clive Amory, mtoto wa dada yake Bwana Willetts, mtu mrefu mwenye tai iliyokaza shingo. Hakungoja hata wafute viatu.

"Mwizi yumo jikoni. Nimemzuia asitoke."

Jikoni, juu ya kiti kilichoelekea dirisha, alikaa Bibi Gwenda Foxall, mama wa makamo aliyemfanyia Bwana Willetts kazi za nyumbani kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa na koti mwilini na mkoba mapajani.

"Hajanizuia mtu," alisema Gwenda. "Nimekaa kwa sababu miguu inauma. Habari za mama, Noreen?"

"Mzima, Bibi Foxall. Anakusalimu."

"Mnajuana!" Clive alipaza sauti.

"Bwana Amory, hapa Netherton ukitaka polisi asiyemjua Bibi Foxall itabidi umwagize kwa meli," Noreen alimjibu. "Nionyeshe kabati."

Lilikuwa kabati dogo la mbao nyekundu, lenye droo kumi na mbili nyembamba, na kila droo ina vitundu vya duara vilivyotandikwa kitambaa. Noreen aliivuta ya tatu. Sarafu zilikuwa zimelala kila moja kwenye kitundu chake, nyeusi na kijivu, nyingine zimepinda kwa uzee. Kimoja tu kilikuwa kitupu.

Hakuingiza kidole. Aliinama akachungulia. Chini ya kitundu kulikuwa na kikaratasi cha duara chenye maandishi madogo ya mikono tofauti.

"Hiki nini?"

"Kikaratasi tu," alisema Clive. "Mjomba anaviweka chini ya kila sarafu. Sajini, mambo ni rahisi. Ufunguo wa kabati hufichwa kwenye birika lililovunjika mdomo. Wanaojua, ukiniacha mimi, ni watatu. Mjomba yuko hospitali. Piers Trevenna, mwalimu aliyepanga chumba cha juu, ni mwanachama wa klabu ya sarafu, na mjomba anampenda kama mwanawe. Isitoshe ameondoka saa kumi alfajiri na wanafunzi wake kwenda milima ya Wales, hadi Ijumaa hapatikani. Anabaki nani?"

"Ufunguo uko wapi sasa?"

"Ndani ya birika."

Noreen aliandika. Kabati limefungwa vizuri, ufunguo umerudishwa, kikaratasi kimeachwa. Mwizi mstaarabu kweli huyu, alijiambia.

"Na jana," Clive aliendelea huku akishusha sauti kama mtu anayetoa karata ya mwisho, "nilimwona mama huyu kwa macho yangu akitoka duka la Yardley, muuza sarafu wa Dudley. Nilimuuliza alifuata nini, akaniambia niangalie yangu. Nataka ashitakiwe leo hii. Nimeshampigia mkuu wako."

Hilo Noreen alilijua. Mkuu wake alitaka jina la mshukiwa mezani kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Alirudi jikoni, akavuta kiti.

"Bibi Foxall, nieleze asubuhi yako."

"Nimekuja saa kumi na moja. Piers ameshaondoka. Nikaunga sufuria ya kanisa, maana mwaka huu zamu ya kulisha watu ni ya mzee, na mzee mwenyewe hawezi kusimama. Nyama, vitunguu, chumvi, groti nilizoloweka kwangu..."

"Kwako? Za hapa je?"

"Mzee huyo hakumbuki kuloweka hata umshikie bunduki. Mimi nazileta zangu kila mwaka, ila simwambii, atajisikia vibaya. Nikatia na kifuko chake cha viungo, nikamwita Bwana Hingley mkubwa, baba wa konstebo wako, na mkokoteni, tukapeleka sufuria kwenye oveni ya kanisa. Nikarudi kufagia. Saa nne akaja huyu wa Kent kuitazama sarafu, akapiga kelele. Basi."

"Kwa Yardley ulifuata nini?"

Gwenda aliubana mkoba.

"Hilo sisemi."

"Bibi Foxall, Jumatatu unaanza kazi ya upishi shule ya msingi. Wakipata barua kwamba una kesi ya wizi..."

"Najua wakipata itakuwaje. Miaka mitatu nimeiomba kazi ile, Noreen. Lakini sisemi mbele ya huyo mwenye tai."

Noreen hakumsukuma. Alizunguka jiko polepole, akiangalia. Juu ya meza palikuwa na mkasi na kipande cha kitambaa chembamba cha melimeli nyeupe kilichokatwa pembeni. Kwenye stoo, mfuko wa groti za Bwana Willetts ulikuwa rafuni, uzi ulioshonewa mdomo wake kiwandani haujakatwa. Kwenye pipa la taka alikuta chupa tupu ya plastiki. Aliigeuza akasoma: maji ya betri.

"Bwana Willetts ana gari?"

"Ana baiskeli," Gwenda alisema, "nayo haina breki."

Clive alirukia chupa ile. "Tindikali! Amejaribu kuyeyusha ushahidi!"

"Ni maji tu, bwana," Hingley alisema kwa upole. "Yamesafishwa yasiwe na chumvi. Hata mkulima anajua."

* * *

Duka la Septimus Yardley lilikuwa na upana wa kitanda kimoja. Mwenyewe alikuwa mzee mdogo mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni, na aliposikia jina la Gwenda alicheka hadi akakohoa.

"Gwenda kuniuzia groti? Sajini, alikuja kununua! Amechukua kioo cha kukuzia, kizuri, chenye mpini wa pembe. Zawadi ya Horace akitoka hospitali. Akaniapisha nisimwambie mtu, maana hapa mjini siri ikilala usiku mmoja imezeeka."

Noreen alitabasamu. Karata ya mwisho ya Clive imekwisha. Lakini sarafu bado haipo, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro.

"Bwana Yardley, kitundu kiko tupu lakini kikaratasi kimeachwa. Wewe ungesemaje?"

Mzee aliacha kucheka. Aliweka viwiko mezani.

"Kikaratasi kimeachwa? Umekiona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu. Miandiko minne."

"Basi haijaibwa."

"Kwa nini?"

"Kile kikaratasi ndicho ukoo wake. Nani aliimiliki kabla ya Horace, na kabla ya huyo nani, mpaka enzi za babu zetu. Groti ya Edward bila kikaratasi ni kama mtoto bila cheti. Utamuuzia nani? Kila muuzaji atauliza umeiokota wapi. Mwizi anayejua sarafu angechukua kikaratasi kwanza."

"Na mwizi asiyejua?"

"Asiyejua angechukua zile kubwa za Mfalme Charles, zinazojaza kiganja. Groti ni nyembamba kama ukucha. Hapana, Sajini. Aliyeitoa ni mtu anayejua, na alikuwa na nia ya kuirudisha kitunduni."

Noreen alifunga daftari, kisha akalifungua tena.

"Maji ya betri yana kazi gani kwenu?"

"Hayo? Ndiyo maji pekee tunayoruhusu yaguse sarafu. Ukitaka kutoa uchafu wa ardhini unailoweka humo usiku mzima. Kusugua ni dhambi. Kuloweka, hilo tunalifumbia macho. Mimi namfundisha kila mwanachama mpya."

"Hata Piers Trevenna?"

"Yule hasa. Anaandika kila neno."

* * *

Saa kumi na moja, Sista wa wodi ya mifupa alimpa Noreen dakika tatu na onyo moja: mgonjwa ametoka kwenye nusukaputi, asishtuliwe.

Bwana Willetts alikuwa amelala chali, uso mwekundu, na furaha isiyo na sababu.

"Noreen, binti wa Elsie! Umekuja kuniona!"

"Nimekuja, mzee. Nina swali dogo kuhusu groti."

"Limeshonwa vizuri. Daktari anasema nitacheza dansi."

"Groti, mzee. Si goti."

"Ah, groti! Zimeiva?" Alivuta hewa kwa pua kama anayezinusa kutoka kule. "Gwenda asisahau chumvi."

Noreen alisogea karibu. Ndani yake kitu kilikuwa kimeanza kujipanga, lakini hakutaka kukikimbiza.

"Jana jioni ulipiga simu nyumbani?"

"Waliniletea simu hapa kitandani, ina magurudumu, ungeiona! Nikampata Piers. Nikamwambia, 'Mwanangu, loweka groti usiku huu, usisahau, Gwenda ataihitaji asubuhi.'"

"Akajibuje?"

"Akaniuliza, 'Una hakika, Bwana Willetts?' Nikamwambia kila mwaka huwa hivyo. Akauliza, 'Maji gani?' Nikacheka sana. Nikamwambia maji unayotaka wewe, mradi usiyamwage stooni." Macho yalianza kumfumba. "Watu wa Cornwall kama yeye, bwana. Wanakula samaki tu. Amekaa miezi miwili Netherton, hajawahi kuona sahani ya groti. Groti anayoijua yeye ni ile niliyomwon..."

Akakoroma.

Noreen alisimama kama aliyechomwa sindano. Alitoka wodini kwa mwendo wa heshima, akafika kwenye korido, akakimbia.

"Hingley! Washa gari!"

Alimwambia njiani, maneno yakipishana na gia. "Bwana Willetts anasema loweka groti. Ukiambiwa wewe, utaloweka nini?"

"Groti, Sajini. Za kula."

"Na Piers, mtu wa klabu ya sarafu, asiyejua kwamba neno hilo linaliwa?"

Hingley alikanyaga breki katikati ya barabara, kisha akakanyaga mafuta.

"Mfuko wa stoo haujafunguliwa," Noreen aliendelea. "Kwa hiyo hakuloweka punje. Lakini chupa ya maji ya betri imekwisha. Aliloweka kitu. Alichukua ufunguo, akatoa sarafu, akaacha kikaratasi kwa sababu asubuhi Gwenda angeirudisha mahali pake. Na kwa kuwa ni mwangalifu, hakutaka ikwaruzwe na bakuli, akaifunga kwenye melimeli. Uliuona mkasi?"

"Niliuona. Lakini asubuhi bakuli lilikuwa wapi?"

"Gwenda alikuja gizani saa kumi na moja. Akakuta stooni bakuli lina maji, na ndani yake kifuko kidogo cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi, kama vile wapishi wanavyofungia majani ya viungo kabla ya kuyatia sufuriani. Akasema nini? 'Nikatia na kifuko chake cha viungo.'"

Hingley alibadilisha gia.

"Sajini. Sarafu ya Mfalme Edward iko kwenye sufuria ya kanisa?"

"Na chakula kinagawiwa saa kumi na moja na nusu."

* * *

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Rundo la mbao lilikuwa limeshawashwa, watu wamepanga mstari na mabakuli mikononi, na mvuke wa sufuria umepanda hadi kwenye taa. Nyuma ya sufuria alisimama Gwenda na upawa. Nyuma ya Gwenda alisimama Clive Amory, mikono mifukoni, akimlinda asitoroke. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, na kila upawa ulipoinuka, macho yake yaliufuata.

"Simama hapo hapo, Bibi Foxall!" Noreen alipiga kelele.

Mstari mzima ukageuka. Gwenda alibaki na upawa hewani, mchuzi ukidondoka.

"Umekuja kunichukua," alisema polepole. "Haya. Ila niache niwalishe kwanza. Watu wamekuja na njaa zao."

"Sikuja kukuchukua. Kile kifuko cha viungo, nani alikitengeneza?"

"Sijui. Nilikikuta kwenye bakuli. Nikasema leo Piers ameamka na akili."

"Ulikifungua?"

"Kifuko cha viungo kinafunguliwa cha nini?"

"Kiko wapi?"

Gwenda aliingiza upawa hadi chini kabisa, akakoroga mara moja, mara mbili, kama anayemtafuta mtu kisimani. Mara ya tatu aliinua, na juu ya upawa, katikati ya punje na nyama, kililala kifuko kidogo cha kahawia kinachochuruzika.

Noreen alikiweka kwenye sahani, akafungua uzi kwa uma. Hapakuwa na jani wala pilipili. Palikuwa na duara jembamba, jeusi kama makaa.

"Bwana Yardley yuko hapa?" aliuliza.

"Niko wa saba kwenye mstari, na mtu asinichukulie nafasi!"

Mzee alikuja na bakuli lake mkononi. Aliinama na lenzi yake, akaigeuza ile sarafu kwa ncha ya kucha. Watu wa mbele walirefusha shingo. Clive alisogea. Gwenda alijifuta mikono kwenye aproni.

"Uso unatazama mbele," Yardley alisema. "Nywele za mfalme zimesukwa pembeni kama kawaida. Msalaba mrefu nyuma." Aliinua kichwa. "Ndiyo yenyewe."

"Imeharibika?" Clive aliuliza.

"Imekuwa nyeusi kwa sababu ya vitunguu. Fedha na vitunguu havipatani. Lakini haina mkwaruzo hata mmoja, yule mwalimu aliifunga vizuri. Weusi utapungua, nitaushughulikia mwenyewe." Alivuta hewa. "Sajini, katika miaka hamsini ya kazi hii sijawahi kushika groti inayonukia vizuri hivi."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda hadi mwisho wa mstari, kila mtu akimsimulia wa nyuma yake. Hingley alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Hata Gwenda, kwanza aliziba mdomo kwa aproni, kisha akashindwa.

Noreen aliingia ofisi ya mchungaji, akapiga simu kituoni. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika nane.

"Mkuu, ni Tranter. Groti imepatikana. Hakuna mshukiwa... Hapana, mkuu, hakuna mwizi. Ilikuwa inapikwa... Naam, inapikwa. Nitaandika ripoti." Alisikiliza. "Ndiyo, mkuu. Nitakuletea bakuli."

Alipotoka nje, alikuta mstari umerudi kusonga. Alimwendea Gwenda, akamwambia sikioni kwamba jina lake halitaandikwa popote, na Jumatatu aende shuleni kwake mapema. Gwenda alimshika Noreen shavu kwa mkono wenye mchuzi, akaendelea kugawa.

Wa mwisho kabisa kwenye mstari alikuwa Clive Amory, tai imelegea, bakuli la kuazima mikononi.

Gwenda aliuweka upawa pembeni ya sufuria. Akamtazama.

"Bibi Foxall," Clive alianza, "nakuomba radhi. Nilikuita..."

Fataki ya kwanza ilipasuka juu ya paa la kanisa. Uwanja mzima ukawa mwekundu.

"Nini?" Gwenda alitega sikio.

"Nasema nakuomba radhi! Sikuwa na haki ya..."

Ya pili ikapasuka, kijani, kubwa kuliko ya kwanza.

"Hatujasikia huku nyuma!" aliita Yardley, mdomo umejaa.

"Rudia, mtu wa Kent!" wengine wakaitikia.

Clive alingoja. Moshi ulipita, cheche za mwisho zikazimika, na kukawa na ukimya mfupi watu wakiinua nyuso kungoja inayofuata. Alijaza kifua.

"MAMA HUYU SI MWIZI! MIMI NDIYE MJINGA!"

Sauti yake ilivuka ukuta, ikafika barabarani, na mbwa wawili wakaijibu. Hakuna fataki iliyolia. Watu walimgeukia, wote, na mabakuli yao.

Gwenda aliokota upawa, akauzamisha chini kabisa kunakokaa nyama.

"Lete bakuli," alisema.